Kuhesabu kalori Lubumbashi: anza na chupa ya mafuta, bukari itafuata

Mtu akiamua kupunguza uzito hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza anachokata ni bukari, yaani ugali. Jioni anakula sombe tupu, yaani majani ya muhogo bila bukari, siku ya kwanza na ya pili anajisifu, siku ya nne njaa inamwamsha usiku na anamaliza mkate mzima na chai ya maziwa. Kesho yake anasema mwili wake ni mgumu, haupungui. Bukari ina kalori zake, hakuna anayekataa. Lakini sisi tuliozoea kushika mizani ya jikoni pamoja na watu wanaoanza tunaona jambo lilelile karibu kila nyumba: hesabu haiharibiwi na bukari, inaharibiwa na mafuta yaliyofichika ndani ya hiyo sombe, na vinywaji, na vitu vidogo vinavyopita mdomoni bila kupita kwenye sahani.

Kalori inayotajwa hapa ni kilokalori, ile inayoandikwa kcal kwenye pakiti. Gramu moja ya wanga au sukari inatoa 4, gramu ya protini inatoa 4, ya pombe 7, na ya mafuta 9. Namba hizo zinatokana na kazi ya Wilbur Atwater, mwanakemia Mmarekani wa mwishoni mwa karne ya 19, na bado ndizo zinazotumika. Ukizishika kichwani utaona mwenyewe kwa nini mafuta yanatangulia. Kijiko kimoja cha supu, yaani mililita 15, kina kcal 120. Lita moja ina takriban 8,100. Mawese, alizeti, soya au karanga, tofauti yake ni ndogo mno kuwa na maana kwenye hesabu. Mafuta “mepesi” ambayo hayanenepeshi hayapo, hata kama muuzaji anaapa.

Kwa hiyo kabla ya kununua mizani, fanya hesabu ya bidoni, yaani dumu la mafuta. Andika kwa kalamu juu ya bidoni tarehe uliyoifungua, na tarehe inayokwisha. Tuseme ni ya lita 5, nyumba ina watu 7, na imekwisha kwa siku 14. Lita 5 ni kcal 40,500. Watu 7 mara siku 14 ni 98. Gawanya: kila mtu amekula karibu kcal 410 za mafuta kwa siku, wastani, watoto wadogo wakiwemo. Mkubwa anayejipakulia mara mbili amepita hapo kwa mbali. Hesabu hii haidai kupima sahani ya mtu yeyote, na haidanganyi kwa sababu bidoni haisahau. Wanaonunua mafuta kidogo kidogo, kachupa leo kachupa kesho, ndio wanaopotea zaidi. Wao waandike kila kachupa kwenye daftari kwa wiki mbili.

Sasa chukua chungu kimoja cha sombe. Kilo moja ya majani yaliyotwangwa, robo lita ya mawese, gramu 200 za karanga zilizosagwa. Mawese peke yake ni kcal 2,030. Karanga, ambazo zina kama 567 kwa kila gramu 100, zinaongeza 1,130. Tayari ni zaidi ya 3,100 kabla hujahesabu majani. Chungu hicho kikitoa pakuo kumi, kila pakuo lina kcal 300 za mafuta na karanga tu. Yule aliyekataa bukari na kula sombe pakuo mbili “ili apungue” amekula zaidi ya 600 na bado hajashiba.

Hapo watu wengi wanaruka upande wa pili na kupika bila mafuta kabisa. Haidumu, na si lazima. Vitamini A ya majani na rangi ya mawese inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kinachofaa ni kuacha kumimina kutoka kwenye chupa na kuanza kupima kwa kijiko cha supu: kijiko kimoja kwa kila mtu atakayekula kutoka chungu kile, kwa siku za mwanzo, halafu nusu mkizoea. Kitunguu na nyanya vikikaangwa kwa mafuta machache vinashika chini. Ongeza kijiko cha maji, funika, acha viive kwa mvuke, kisha ongeza maji tena. Ukitumia karanga, punguza mawese, kwa sababu karanga tayari ni karibu nusu mafuta. Na ukikaanga kwa mafuta mengi, pima mafuta kabla ya kuanza na pima yaliyobaki baada ya kupoa. Kilichopungua ndicho mlichokula.

Tahadhari moja kuhusu sombe. Baadhi ya wanaotaka kupungua husikia kwamba majani mabichi yana nguvu, wakayasaga na kuyanywa, au wakayachemsha dakika chache ili “yasipoteze vitamini”. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu chungu kikiwa wazi ndiko kunakoiondoa. Mama zetu hawakuwa wanapoteza makaa ya kupikia bure. Anayetaka mboga ya haraka achukue lengalenga (mchicha) au kalembula (majani ya viazi vitamu), ambazo zikichemshwa hazifiki hata kcal 50 kwa gramu 100, na anaweza kujaza nusu ya sahani bila woga.

Baada ya mafuta ndipo unatafuta namba yako ya siku, yaani kalori ambazo mwili wako unatumia. Kanuni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990, inatosha kwa kuanzia: zidisha uzito wa kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke anatoa 161 tena, mwanaume anaongeza 5. Chukua mama wa miaka 38, kilo 86, sentimita 163, anayeuza duka na kutembea kidogo. Ni 860 jumlisha 1,019, toa 190, toa 161, inabaki 1,528. Hiyo ndiyo kazi ya mwili ukiwa umelala tu. Kwa shughuli nyepesi zidisha mara 1.375, unapata kama 2,100. Anayekaa kutwa nzima atumie 1.2, na asijidanganye. Anayesukuma mkokoteni au kulima anaweza kwenda hadi 1.55 na zaidi.

Kutoka 2,100 toa 400 hadi 500. Mama huyu anaweza kufanya 1,650. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kcal 7,700, kwa hiyo upungufu wa 450 kwa siku ni kama gramu 400 kwa wiki. Ndogo? Ndiyo. Lakini anayejishusha hadi 900 anapoteza misuli pamoja na mafuta, anachoka, anakuwa mkali kwa watoto, na wiki ya tatu anarudia chakula kwa hasira. Chini ya 1,200 usiende bila daktari anayekufuatilia.

Mizani sasa. Tafuta ya jikoni, ya betri, inayosoma gramu moja moja na kufika kilo 5. Umeme ukikatika haikusumbui. Sehemu inayowashinda watu ni bukari, kwa sababu chungu cha familia kikiwa kimejaa kinazidi kilo 5, na tena kinatoka kwenye mbabula (jiko la makaa) kikiwa moto wa kuyeyusha plastiki. Usikiweke juu ya mizani. Siku moja tu, pika kiasi kidogo kwa ajili ya kupima: unga gramu 500, ambao ni kcal 1,800 hivi. Pima chungu kitupu kabla. Songa kama unavyosonga siku zote, usilegeze kwa sababu unapima. Ikiisha kuiva, weka kibao juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, ndipo uweke chungu. Toa uzito wa chungu. Bukari ikiwa gramu 1,500, basi kila gramu 100 ina kcal 120. Ikiwa ngumu zaidi, gramu 1,250, ni 144. Hiyo ndiyo namba ya mkono wako, na itakufaa mwaka mzima ilmradi msongaji ni yuleyule. Dada akisonga yeye, pima tena. Ukichanganya unga wa muhogo na wa mahindi namba haibadiliki sana, kwani vyote vikiwa vikavu vinakaribiana.

Na wanaokula sahani moja? Hapa kwetu kuomba sahani yako peke yako kunaweza kuonekana kama kiburi au kama umegombana na mtu. Kuna njia. Siku moja ukiwa peke yako, weka gramu 300 za bukari kwenye kisahani, kula kama kawaida na uhesabu matonge. Yakiwa 12, tonge lako ni gramu 25, yaani kcal 30. Kuanzia hapo unaweza kukaa na watu wote, ukala matonge 12 au 15, ukanawa. Hakuna atakayejua unahesabu. Ila tonge hukua mchuzi ukiwa mtamu, kwa hiyo rudia kipimo hicho kila baada ya wiki chache.

Kitoweo ndicho kinachofanya njaa ikae kimya, na ndicho watu wanachokata bila sababu. Maharagi makavu yana kama kcal 335 kwa gramu 100, lakini yakiiva yanabeba maji na kushuka hadi karibu 130, yakiwa na gramu 8 au 9 za protini. Makosa ya kawaida kwenye daftari ni kuandika uzito wa maharagi yaliyoiva na kutumia namba ya makavu. Ukiona mlo wako unaonyesha kcal 700 za maharagi, angalia hapo kwanza. Mchele una mtego huohuo: mkavu 360, ulioiva 130. Ndagala (dagaa) wakavu ni wepesi mkononi lakini wamejaa protini. Gramu 30 zina kama kcal 100 na zinatosha mtu mmoja kwenye mchuzi wa nyanya. Loweka kwa maji ya moto na kumwaga, chumvi ipungue. Yai la kuchemsha ni 75. Lilelile likikaangwa kwenye mafuta yanayoelea linafika 150. Vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, ni chakula kizuri cha protini katika msimu wake, shida ni kuvikaanga tena kwa mafuta mengi wakati tayari vina mafuta yake.

Karanga na avoka (parachichi) zina sifa ya afya, na zinastahili sifa hiyo, lakini ni afya ya kupimwa. Karanga za kukaanga gramu 50, kiganja kilichojaa, ni kcal 280. Nusu ya avoka kubwa, gramu 150 za nyama yake, ni 240. Embe la msimu wa mvua, gramu 200 baada ya kutoa ganda na kokwa, ni 120 tu, na linatuliza hamu ya sukari kuliko biskuti.

Vinywaji havishibishi, ndiyo maana vinasahaulika. Chupa ya soda ya sentilita 30 ina kama gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vidogo 8, kcal 125 hivi. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari vilivyolundikwa ni 80, na ukitia kijiko cha supu cha maziwa ya unga ni 130. Vikombe vitatu kwa siku, karibu 400. Chupa kubwa ya Simba au ya bia nyingine ya nguvu kama hiyo inakaribia 300. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ambayo haijatiwa sukari ina nafuu, ile ya kuuzwa mara nyingi imetiwa, basi hesabu sukari. Anayependa chai asiiache. Apunguze kijiko kimoja kila wiki mbili na ulimi utazoea.

Siku ya kcal 1,650 inaweza kuwa hivi. Asubuhi chai ya vijiko viwili vidogo vya sukari visivyolundikwa, mkate gramu 80, yai la kuchemsha: 320 hivi. Mchana bukari gramu 300, maharagi yaliyoiva gramu 200 yenye kijiko kimoja cha mafuta, lengalenga gramu 200 yenye nusu kijiko: kama 835. Saa ya njaa, embe, 120. Usiku bukari gramu 150 na ndagala gramu 30 kwenye mchuzi wa nyanya wa nusu kijiko cha mafuta: 360. Jumla 1,635. Bukari imo mara mbili. Asiyeweza kupika vyungu viwili, na ni wengi, apike kimoja cha familia, achote sehemu yake kabla ya kumwaga mafuta ya mwisho.

Wanaotumia programu za simu wajue kwamba vyakula vyetu vingi vimeingizwa humo na watumiaji wenyewe, na kila mmoja ameandika anavyojua. Utakuta “ugali” wa kcal 80 na mwingine wa 350, yule wa pili aliandika unga. Ni salama zaidi kuingiza unga mkavu, mafuta na maharagi makavu kimoja kimoja. Jedwali la vyakula la Tanzania la mwaka 2008 lina vyakula vingi vinavyofanana na vyetu, na lile la FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) la Afrika Magharibi la 2019 lina majani mengi ya kijani. Daftari la shule na kalamu vinafanya kazi ileile bila bando.

Upime mwili asubuhi, baada ya haja, kabla ya kula, mizani ikiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Mazulia na sakafu zenye mabonde huongeza au kuiba kilo. Wiki ya kwanza namba inaweza kushuka kilo mbili au tatu na watu wakashangilia. Sehemu kubwa ni maji, kwa kuwa wanga unaohifadhiwa mwilini unashikana na maji karibu mara tatu ya uzito wake, na ukitumika maji yanatoka. Hali kadhalika namba hupanda kilo nzima kesho yake ukila makayabo, yaani samaki wa chumvi, na kwa wanawake siku za kabla ya hedhi. Usisome siku moja. Jumlisha asubuhi saba, gawanya kwa saba, linganisha wiki na wiki. Na upime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kwani mara nyingine kiuno kinapungua wakati mizani imelala.

Wiki tatu mfululizo wastani usiposhuka, kuna sababu, na karibu kila mara ni mwisho wa juma. Upungufu wa 450 kwa siku tano ni 2,250. Jumamosi kuna harusi au kilio, kisha watu wanapitia kwenye michopo (nyama choma): bia tatu 900, frite (viazi vya kukaanga) gramu 200 zaidi ya 600, vijiko viwili vya mayonezi 200. Imeondoka 1,700 na nyama haijahesabiwa. Nyama ya mbuzi yenyewe haina hatia kubwa, gramu 200 zisizo na mafuta mengi ni kama 300. Agiza hiyo pamoja na kitunguu, pilipili na limau, acha mayonezi, chukua bia moja na maji. Sababu ya pili ni kuonja wakati wa kupika na kumalizia masahani ya watoto. Ya tatu ni halali kabisa: mwili mdogo unatumia kidogo. Kila kilo 5 zinapotoka, rudia kanuni. Mama wetu wa kilo 86 akifika 81, mahitaji yake yameshuka kama 70 kwa siku.

Matembezi yanasaidia moyo, sukari ya damu na usingizi, ila usiyaandike kama ruhusa ya kula. Saa nzima ya kutembea kwa mtu wa kilo 86 inachoma kama 250 hadi 300, bia moja inarudisha zote.

Jiandae pia kwa maneno. Ukianza kupungua, shangazi atauliza una ugonjwa gani, na jirani atakuuliza kama mume hakupi pesa ya soko. Mwambie mapema mtu mmoja wa nyumbani, hasa anayepakua. Yeye akielewa kijiko cha mafuta, kazi ni nusu.

Kuna ambao hawafai kuanza hesabu hii peke yao: mwenye mimba, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, aliyewahi kuteswa na kujinyima chakula. Anayetumia insulini au glibenklamidi kwa ajili ya kisukari akipunguza bukari ghafla sukari inaweza kuanguka hadi azimie, dozi lazima irekebishwe kwanza na daktari. “Chai za kukondesha” zinazouzwa sokoni nyingi zinafanya kazi kwa kuharisha. Unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale.

Na swali la mwisho ambalo inafaa kumuuliza kila anayesema anakula kidogo lakini ananenepa: umewahi kumeza vidonge vya kuongeza mwili? Mara nyingi ni deksametazoni au siproheptadini, zilizouzwa bila karatasi ya daktari, pengine miezi mingi. Siproheptadini inaamsha njaa. Deksametazoni inaamsha njaa, inashika maji, inajaza uso na tumbo, na inaweza kupandisha sukari na presha. Hapo kijiko na mizani havitoshi. Aliyezoea deksametazoni asiiache kwa siku moja, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake na mtu anaweza kuanguka vibaya. Achukue boksi la vidonge, hata kama ni tupu, aende nalo kwa daktari amwonyeshe, apangiwe namna ya kupunguza dozi polepole.